Jibu Langu Kuhusu Manila

Yeoville, Johannesburg
Novemba 2018

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana siku hizi kila nikipiga simu nakukuta umesimama: unamgeuza Mama, unafua, unakoroga uji. Kama umesimama, keti kwanza. Mama anaendeleaje? Ule mkono wa kulia umeanza kukunja vidole au bado umelala? Na mgongo wako wewe? Sikuulizi ili unijibu, kwa sababu najua utasema ni mzima hata kama unatembea umeinama. Mimi huku sijambo. Kuchoka nimechoka, lakini uchovu hauandikiwi cheti cha daktari, kwa hiyo tunaendelea nao hivyo hivyo.

Anayekuletea barua hii ni Mzee Kombo, yule wa mablanketi, anayekuja huku kununua bidhaa na kurudi na basi. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimpe mtu mwingine hata akikuta mlango wazi. Najua utasema, mdogo wangu kaanza lini kuandika barua na simu anazo mbili. Lakini simu yako unaiweka sauti ya nje ili Mama naye asikie, na nilichonacho nataka ukisikie wewe peke yako kwanza. Kisomee chumbani. Mama utamwambia mwenyewe utakavyoona inafaa.

Wiki iliyopita uliniuliza nimeamua nini kuhusu Manila. Nikakujibu kwamba mtandao unakatika, kisha nikakata simu. Mtandao haukuwa na neno. Ni mimi niliyeshindwa kulisema lile jibu na Mama anasikiliza. Uliuliza taratibu sana, Dada, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, ilhali swali lenyewe ni la maisha yako. Tangu Mama apatwe na kiharusi umebaki naye Tanga, na Shemeji kahamishiwa Mtwara anakula kwa mama lishe na kulala peke yake. Tulikubaliana kwamba mwaka huu ukiisha nitarudi nikupokee, wewe umfuate mumeo. Halafu mimi nikakuletea habari za Manila. Sasa nakueleza yote tangu mwanzo, uone nilivyopita hadi nikafika nilipofika.

Kazi yangu unaijua kwa jina, ila hujawahi kuiona. Kasino ninayofanyia iko kaskazini mwa mji, huko kwenye maduka yenye ngazi zinazotembea zenyewe. Nakaa kwenye meza ya poka, wachezaji wamenizunguka, nami nagawa karata. Aproni yetu haina hata mfuko mmoja. Kila ninapoinuka mezani nageuza viganja juu na chini ili kamera ya darini ione kwamba sikuondoka na kitu. Vile vidude vya mviringo wanavyochezea badala ya pesa wanaviita chipsi, na siku ya kwanza nilicheka peke yangu nikikumbuka chipsi mayai za stendi. Sasa sicheki. Mabega yananiwaka, macho yamekauka kwa taa, na mwanamume akishindwa ananiangalia mimi utadhani ndiye niliyemfilisi. Mjomba Shekue mwambie aendelee kuniombea dua kwa ajili ya kazi hii, ila aseme mimi nagawa tu, sichezi.

Mwezi wa tisa meneja wetu, Bra Sipho, huku Bra ni kama kusema Kaka, alituita kabla ya zamu. Akasema kuna kampuni ya Asia inaanzisha mashindano ya poka kwa wachezaji wa kulipwa, yatakayokuwa yakihama mji hadi mji: yataanzia Manila, kisha Macau, kisha Seoul, na kuendelea, kila mahali na kamera za televisheni. Wanatafuta wagawaji karata kutoka nchi mbalimbali kwa mkataba wa miaka miwili, na wa kwetu wanasifika kwa mikono myepesi na Kiingereza kinachosikika. Wakaguzi watakuja wenyewe kututazama. Aliyetaka aandikishe jina. Niliandikisha, Dada. Nilijiambia naandikisha kwa kujaribu tu, lakini mtu anayejaribu tu hapigi pasi shati lake mara mbili.

Siku ya majaribio nilitoka zamu ya usiku, nikanawa uso, nikabadilisha shati. Tukaambiwa simu ziachwe kwenye makabati. Kabla sijaizima yangu ukaingia ujumbe wako: Mama ameanguka akienda msalani, usishtuke, hajaumia, nimeshamnyanyua. Nikasimama pale na mlango wa kabati wazi. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Mama na mwili wake ule, na wewe na mgongo wako huo, na hakuna wa kukushikia upande wa pili. Bra Sipho akaniita jina. Nikazima simu nikaingia.

Mezani walikaa wenzangu wakijifanya wachezaji. Nyuma yangu walisimama wakaguzi wawili: mwanamume wa Australia mwenye kuandika andika, na mama mmoja mwembamba aliyejitambulisha kama Bi Lin, mzaliwa wa Macau. Mwanzo nilikwenda vizuri. Karata zilinitii, sauti ilitoka, nikasahau hata kama sijalala. Halafu mwili ukabaki Johannesburg, mikono ikaenda Tanga. Nikaanza kugawa kwa kulia.

Unakumbuka karata zetu za barazani zinavyozunguka. Mama akishachanganya, ya kwanza inakwenda kwa aliye kulia kwake, na mchezo mzima unakwenda hivyo. Poka inazunguka kushoto, kama mshale wa saa, na hilo ndilo lililonitesa kuliko yote wakati wa mafunzo, maana mikono yangu ilifundishwa na Mama kabla sijajua kusoma. Nilidhani nimeshaishinda. Kumbe ilikuwa imenyamaza tu. Nilikuwa nimefika karibu mwisho wa duara nilipomwona Thandi, rafiki yangu wa Soweto aliyekaa kulia kwangu, amenitolea macho.

Sasa sikiliza kituko. Mgawaji akikosea, sheria yao ni moja: asiguse kitu, ainue mkono, amwite msimamizi. Mimi nikafanya ya Mama. Nikazikusanya karata zote, shupaza na kopa na uru na pau, nikazisawazisha, nikamsukumia Thandi aliye kulia kwangu ili agawe yeye. Kwa sababu barazani kwetu aliyeharibu hana cha kujitetea, anazitoa kwa wa kulia kwake na kungoja azomewe. Kwenye kazi yangu hii kuziachia karata zikutoke mikononi ni kama dereva kumwachia abiria usukani. Thandi hakuzigusa, aliweka mikono mapajani kama mtoto wa madrasa.

"Eish, Saumu," Bra Sipho akasema kwa sauti ya chini, naye ndiye aliyenisifia kwa wakaguzi.

Yule wa Australia akaandika. Lakini Bi Lin alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika, na nilipogeuka nikaona anacheka. Akaniuliza nani alinifundisha karata. Nikamwambia ni mama yangu, nyumbani, na hakuna pesa iliyowahi kuwekwa kwenye ule mkeka, ni kuchekana tu. Akavuta kiti akakaa.

"Bibi yangu naye aligawa kwa kulia," akaniambia. "Na aliyekosea alizitoa kwa jirani bila kubishana. Kugawa tutakurekebisha. Watu wasioficha kosa ndio tabu kuwapata."

Wakanichagua. Mimi na Thandi na kijana mmoja wa Durban. Mwanamume wa Australia hakupenda, lakini mwenye kauli alikuwa yule mama. Tukapewa mpaka Ijumaa kutia sahihi.

Jioni ile nikakupigia. Nilianza kwa kuuliza hali ya Mama, ukasema anakula, nikaingiza habari za Manila kwa haraka haraka kama mtu anayepita kwenye mlango wa anayemdai. Kisha nikamsikia Mama, na ulimi wake ule mzito, anauliza Manila ni mbali kuliko Mtwara? Wewe ukaniambia mimi, "Nenda, mdogo wangu. Bahati haiji mara mbili. Mimi huku nimeshazoea."

Ulisema bila kununa, na ndiyo maana sikulala. Kama ungenitukana ningesafiri na nafsi imetulia.

Nataka ujue nilivyotaka kwenda. Usidhani ilikuwa tamaa ya picha za televisheni. Huku nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Mwezi ule maduka ya wageni mtaa wa pili yalivunjwa, na kwa siku kadhaa tulikuwa tukipanda teksi, ndizo daladala za huku, bila kufungua mdomo, tusije tukasikika lafudhi. Makaratasi yangu ya ukaazi niliyoyapata kupitia marehemu mume wangu ni halali, lakini mtu mwenye rungu haulizi makaratasi. Umeme unakatika, lifti ya jengo letu imekufa siku nyingi, napanda ngazi na ndoo kichwani. Bi Lin alisema kule tutalala hotelini. Nikawaza, miaka miwili mtu mwingine atanitandikia kitanda. Hilo tu, Dada. Nilikitamani kile kitanda kuliko nilivyokitamani kitu chochote tangu nifikwe na msiba wa mume wangu.

Mama Furaha, ninayekaa naye chumba kimoja, yule msusi wa Bukavu niliyekutumia picha yake, alinitazama nikizungukazunguka mpaka akachoka. Alikuwa anasuka nywele bandia mapajani, hakuinua hata macho.

"Weye Saumu, Mungu anakufungulia mulango, unabakia inje unahesabia misumari," akasema. "Dada yako amesema wende. Unangoja nani tena aseme?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, kasema niende, kasema ameshazoea. Akaacha kusuka. Akaniuliza kama yeye pia si husema hivyo kila watoto wake wakimpigia kutoka Bukavu kumuuliza anaishi vipi huku. Tangu avuke mipaka hajawaona, na kila mara anawajibu amezoea. Kisha akaendelea na nywele zake. Lakini nikajua anachosema, maana na mimi nakujibu wewe hivyo hivyo kila ukiniuliza. Mtu hazoei, Dada. Anachoka mpaka anaona kulalamika nako ni kazi nyingine.

Ijumaa nikaenda kwa Bi Lin nikamwambia siendi.

Akaniuliza ni woga wa ndege? Nikamwambia nina dada ambaye amemwuguza mama yetu peke yake, na mumewe yuko mbali, na sasa ni zamu yangu. Hakunibembeleza. Alisema anasikitika, na kwamba kabla ya saa sita mchana nafasi yangu itakuwa na mtu mwingine, ndivyo kazi ilivyo. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilishuka kwa ngazi badala ya lifti nzima iliyokuwapo, sijui kwa nini, labda mazoea ya jengo letu.

Tangu siku hiyo kila nikikupigia nazungumza habari za mvua. Sikukuambia kwa sababu nilijua Mama atapiga vigelegele na wewe utalia na kunishukuru, na mimi nilikuwa na hasira. Ndiyo, hasira. Na wewe, na Mama, na Shemeji aliyehamishwa, na kiharusi chenyewe. Mtu akifanya jambo jema huku amekunja uso, jema linabaki jema, lakini uso si mzuri kuutazama. Nikaona heri niukunjue kwanza ndipo niseme.

Juzi Jumamosi wakayazindua mashindano yao. Kule ilikuwa jioni, huku mchana, na kasino yetu ikatundika skrini kubwa na kutuvalisha fulana zenye nembo yao. Tukapangwa mstari tupige makofi. Kulikuwa na ngoma, simba wa kitambaa wakicheza, wachezaji wakiingia mmoja mmoja kwa kutangazwa majina kama mabondia. Kisha kamera ikashuka mezani. Mgawaji hawamwonyeshi uso, Dada, wanaonyesha mikono tu. Nikaitambua ya Thandi kwa pete yake ya shanga. Ilikuwa inagawa kwa kushoto, laini, haina hofu. Wenzangu wakashangilia jina lake. Mimi nilipiga makofi mpaka wimbo ukaisha, kisha nikaenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi mezani kwangu ambako kulikuwa na mzee mmoja ananingoja akiguna kwamba nimechelewa.

Basi jibu ndilo hilo. Nimeandika notisi ya kuacha kazi, na katikati ya mwezi wa kumi na mbili napanda basi. Mwambie Shemeji atafute nyumba, si chumba, maana najua utataka jiko lako mwenyewe. Vitu vyako uanze kuvifunga sasa, usingoje mpaka nifike, nakujua utaanza kusema ngoja nikufundishe hiki, ngoja nikuonyeshe kile, na mwezi utaisha. Dawa za Mama niandikie kwenye karatasi ubandike ukutani. Jinsi ya kumgeuza utanionyesha mara moja. Nikikosea Mama atanifokea, ulimi wake mzito haujawahi kumzuia kufoka.

Nina ombi moja. Usinishukuru. Nilitaka kwenda Manila na bado nataka, hata leo ninapoandika. Nikifika utaniona siku nyingine nimenuna, nimekaa uani sijibu salamu. Usidhani nimechoka na Mama, wala usifungue mizigo yako ukasema basi nitabaki. Niache ninune. Nitanuna, nitamaliza, nitaingia ndani nimlishe. Wewe uwe umeshaondoka.

Mpe Mama shikamoo yangu na umbusu upande ule wa uso usiosikia, kisha na ule mwingine. Nisalimie Mjomba Shekue, na Shangazi wa Pongwe aliyekuwa akikuletea ndizi, na Mama Mdogo mwambie kanga zake nimezipata. Mke wa Binamu Hassani mpe hongera ya mtoto. Majirani wa barazani wote wasalimie, hasa yule anayeibia karata akidhani hatumwoni. Mama Furaha anakusalimu, ingawa hamjuani, na anasema akipata nafasi atakuja Tanga kukusuka.

Na Shemeji, akipiga simu, usimwachie Mama azungumze naye kwanza. Mwambie wewe mwenyewe kwamba unakwenda. Sema uko chumbani, mlango umefungwa, na uongee naye mpaka utosheke.

Mimi mdogo wako, ninayerudi huku nimekunja uso lakini ninarudi,

Saumu